Kitabu cha ufundi wa piano kwa shilingi 95,000: ninunue au niache?

Kinanda Mbalizi

Habari zenu wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Naomba ushauri, na nitaeleza kwa urefu, maana ushauri wa haraka haraka nimeshapewa mwingi na haujanifikisha popote.

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya kwenye parokia moja huku Mbalizi, Mbeya. Huu ni mwaka wa tisa. Nilianzia kigangoni kwa do re mi, baadaye mwalimu wa kwaya akanifundisha kusoma nota kwenye mistari mitano. Kinanda chetu ni cha umeme, vitufe 61. Kwa mwalimu wa piano sijawahi kukaa hata siku moja. Ninachokijua nimekipata kwa kuangalia mikono ya walionitangulia.

Shida yangu ni mkono wa kushoto. Besi naipiga kwa oktava, yaani nota mbili za jina moja kwa pamoja, kama do na do inayofuata, kidole cha mwisho chini na gumba juu, kwa sababu kanisa letu ni kubwa na watu wakijaa, besi ya nota moja haisikiki huko nyuma. Pasaka ya mwaka huu ndiyo iliyonionyesha kwamba mambo si mazuri. Kinanda kilinyamaza baada ya Utukufu wa Alhamisi Kuu kama ilivyo desturi, kwa hiyo mkono ulipumzika. Mkesha wa Jumamosi, Utukufu ukaingia kwa kengele na vigelegele, nikapiga oktava mfululizo mpaka mwisho. Kufika Komunyo nikawa nahisi kama kuna kamba imevutwa kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo cha mkono. Asubuhi ya Pasaka nilishindwa kunyanyua ndoo ya maji kwa mkono ule. Nilipiga misa mbili nikiwa nimekaza meno.

Sasa kaka yangu aliyeko Dar amekutana na muuzaji wa vitabu vilivyotumika. Ana kitabu cha ufundi wa piano, cha Kiingereza, kurasa zaidi ya 200, kina picha za mikono na mazoezi ya nota. Anataka 95,000, nauli ya kifurushi kwa basi juu yangu. Kwangu hiyo ni hela ambayo ingeingia kwenye mbolea ya viazi. Sina uwezo wa kuitoa halafu kitabu kikakaa kabatini.

Ninayotaka kujua: kitabu kinaweza kweli kumfundisha mtu mkono? Kimeandikwa kwa ajili ya piano, mimi napiga kinanda cha umeme, kitanifaa? Na nikague nini kabla ya kulipa, maana muuzaji nitamwona kwa simu tu?

Jina la kitabu siliweki hapa. Sitaki nionekane namtangazia mtu biashara wala namharibia.

Nota Nane

Mkuu, mkono haufundishwi na karatasi. Tafuta mwalimu akuone unavyopiga. Hiyo 95,000 mpe yeye.

Kinanda Mbalizi

Ahsante kaka (mimi ni dada). Mwalimu wa piano ningempata ningeshaenda. Huku walimu wa kwaya wapo na wazuri sana, lakini wa kukaa na mtu akamtazama kifundo cha mkono sijamwona.

Zoezi Kila Siku

Dada usitoe hela. Kuna kitabu cha mazoezi ya vidole cha Hanon bure kabisa. Mazoezi 60, yalitoka Ufaransa mwaka 1873, haki zake zimeshaisha zamani, unapakua kwenye simu bila kumwibia mtu. Kuna na Czerny, aliyekuwa mwanafunzi wa Beethoven na mwalimu wa Liszt, naye mazoezi yake yamejaa intaneti bure. Mimi nimepiga Hanon miaka minne, nusu saa kila asubuhi kabla ya kwenda dukani. Vidole vyangu vilikuwa vinagongana, sasa vimekaa sawa. Sehemu ya tatu ya kitabu ina oktava. Anza polepole, mapigo 60 kwa dakika, panda mpaka 108 kama mwenyewe alivyoelekeza. Ukimaliza hapo ndipo ufikirie cha kununua.

Gangilonga

Kamwene dada. Nafundisha piano hapa Iringa, watoto na watu wazima. Uzi wako nimeusoma mara mbili kwa sababu hiyo kamba uliyoieleza, ya kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo, na mimi iliwahi kunishika.

Ndugu Zoezi Kila Siku amesema kweli kuhusu hela na simpingi kwenye hilo. Mtu anayetaka mazoezi asinunue, mazoezi ya bure yapo kuliko muda wa kuyapiga. Lakini dada hana upungufu wa mazoezi. Anapiga kila wiki kwa miaka tisa. Kinachomuumiza ni namna anavyopiga, na hapo Hanon ni mchache wa maneno: anakupa nota na kukuelekeza uinue vidole juu kwa uthabiti, basi. Mazoezi yale 20 ya kwanza yote yako kwenye do ya vitufe vyeupe. Ukiyapiga kwa mkono uliokaza, unaukomaza mkono uliokaza.

Sasa kuhusu kitabu. Mimi vitabu vya ufundi nimenunua saba kwa hela yangu, na ninavyovifungua hadi leo ni viwili. Vile vitano si vibaya, niliwahi tu kuvipenda kwa jalada. Ningekuwa wewe ningemwomba muuzaji picha tatu: yaliyomo, ukurasa wenye mwaka wa kuchapwa, na kurasa mbili za mwanzo za sura ya oktava. Akikataa, achana naye.

Mwaka una maana kubwa kwa sababu mashauri kuhusu mkono yamebadilika sana. Mwaka 1753 huko Berlin, Carl Philipp Emanuel Bach alichapisha kitabu cha upigaji wa vinanda, na humo anasema baba yake alimsimulia kwamba ujanani mwake aliwasikia wapigaji wakubwa ambao gumba hawakulitumia ila pale nota zilipokuwa mbali. Fikiria, gumba! Leo mtoto wa somo la kwanza tunamwanzishia skeli ya do, yaani nota za kupanda kutoka do hadi do, kwa gumba. Karne ya 19 wengi walifundisha mkono utulie kama umefungwa na vidole vifanye kazi yote. Karne ya 20 wakaja wanaosema uzito wa mkono mzima ushuke, kidole kiupokee tu. Kitabu chako kinaweza kuwa cha upande wowote kati ya hizo, na kwa mtu anayeumwa tayari, upande una maana.

Nitakupa njia ya kukipima. Fanya hivi sasa hivi ulipokaa. Weka kiganja mezani. Kidole cha kati kikunje kiingie chini ya kiganja, vingine vibaki vimenyooka juu ya meza. Inua gumba. Linainuka. Inua cha shahada, cha mwisho. Vinainuka. Haya, inua cha pete.

Umeona? Hakisogei, au kinatikisika tu. Huo si uvivu wa kidole. Kano zinazoinua vidole zimeunganishwa nyuma ya kiganja, na ukishaifunga ya kidole cha kati, ya pete inashikiliwa. Na misuli mikubwa inayovuta vidole haiko kwenye vidole vyenyewe, iko juu kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo, ndiyo maana unaumia hapo. Kwa hiyo nenda kwenye kitabu utafute kinasema nini kuhusu kidole cha pete. Kikikuahidi kwamba ukikiinua juu mara elfu kitakuwa na nguvu sawa na cha shahada, mwandishi hajaujua mkono. Kikisema mkono uzunguke kidogo uelekee kidole hicho ukisaidie, soma ukurasa unaofuata.

Umeuliza kama cha piano kitafaa kwa kinanda cha umeme. Sehemu fulani itafaa zaidi ya unavyodhani. Kwenye piano kitufe kinarusha nyundo, na nyundo inaachiwa kabla haijagonga waya. Kitufe kikishafika chini, ukandamize mpaka jasho likutoke, sauti haiongezeki. Kinanda cha umeme chenye kusikia nguvu ya mkono nacho kinapima kitufe kimeshuka kwa kasi gani, kwa hiyo kukandamiza chini ni hasara kote kuwili. Nina hakika wewe unakandamiza, kwa sababu unapigania besi isikike nyuma ya kanisa. Sura zinazohusu kuachia mkono baada ya nota kushuka zitakufaa. Sura za pedali na za kupata sauti laini kwa uzito wa nyundo, kwa vitufe vyepesi vya kanisani, hazitakusaidia sana.

La mwisho, chukua rula. Tanua mkono wa kushoto, pima kutoka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, uniambie.

Kinanda Mbalizi

Sentimita 19, mwalimu. Nimejitahidi kutanua kabisa.

Kidole cha pete hakikuinuka. Nimemfanyisha mama naye cha kwake kimekataa.

Gangilonga

Basi jibu lako kubwa ni hilo. Vitufe vyeupe vinane, kutoka do hadi do, upana wake wote ni karibu sentimita 18.8. Mkono wako unafika oktava ukiwa umetanuka hadi mwisho, na unaubakiza hivyo Utukufu mzima. Mwenye sentimita 23 anapiga oktava huku mkono wake umepumzika, na huenda ndiye aliyeandika kitabu. Ukipata picha ya sura ya oktava, angalia kama mwandishi ana neno lolote kwa mkono mdogo. Kama hana, usinunue.

Viungo Njombe

Dada, naomba kuingilia, mimi kazi yangu ni tiba ya viungo. Kitabu kisubiri. Maumivu yaliyokufanya ushindwe kuinua ndoo yanatakiwa yaonwe na mtu. Nenda hospitali wakupime, na hasa ukianza kuhisi ganzi kwenye vidole au vitu vinakuponyoka mkononi, usikae nyumbani. Wakati huo huo punguza kupiga. Zoezi lolote, la bure au la kununua, ukihisi maumivu simama. Msemo wa kwamba maumivu ndiyo kukomaa umeharibu watu. Schumann, mtunzi yule Mjerumani, aliumia mkono wa kulia akiwa kijana tu, miaka ya mwanzo ya 1830, na ndoto yake ya kuwa mpiga piano wa majukwaani ikaishia hapo.

Na jambo dogo la huku kwetu: misa ya kwanza mwezi wa sita na wa saba, asubuhi na baridi hii, vidole vinakuwa kama vijiti. Pasha mikono kwanza. Maji ya uvuguvugu, au ikae ndani ya sweta wakati wa rozari. Usiingie kwenye wimbo wa mwanzo na mikono ya barafu.

Zoezi Kila Siku

Mwalimu Gangilonga nimekuelewa. Nilijibu kama vile anauliza mtu anayeanza. Kidole cha pete nimekijaribu, kwa kweli sikujua. Ila kwa mtu asiyeumwa bado nasema aanze na cha bure.

Gangilonga

Tuko pamoja kabisa ndugu yangu.

Sauti ya Nne

Naimba besi na napiga kinanda, niko Makambako. Dada kabla ya yote hayo, hebu tazama sauti unayochagua kwenye kinanda. Kama unapiga kwa sauti ya piano, besi ya nota moja ni kweli itapotea kanisani. Tafuta sauti ya ogani yenye futi 16 ndani yake. Kwenye ogani za filimbi, filimbi za futi 8 zinatoa nota ileile iliyoandikwa, za futi 16 zinatoa oktava moja chini. Ukibonyeza nota moja kwa sauti iliyochanganya 8 na 16, unasikia oktava bila kuitanua. Wapigaji wa ogani wana kanyagio za miguu kwa ajili ya besi, sisi wa vinanda vya umeme tunalazimisha mkono wa kushoto ufanye kazi ya miguu ndiyo tunaumia. Vinanda vingine pia vinakuruhusu kugawa vitufe, kushoto sauti moja na kulia nyingine. Kushoto weka ogani nzito, kulia chochote utakacho.

Mimi nyimbo za mtunzi wa kwaya John Mgandu nilikuwa nazipiga kwa oktava tupu, sasa nafuata besi kama ilivyoandikwa, nota moja, na waimbaji wanaisikia vizuri kuliko zamani kwa sababu haifunikwi na kelele.

Sijasema usinunue kitabu. Nasema usinunue kitabu kwa ajili ya tatizo ambalo kitufe kimoja pembeni kinaweza kulimaliza.

Kinanda Mbalizi

Ndugu zangu, sijui niwashukuru vipi. Nimekwenda kanisani leo jioni baada ya mazoezi ya kwaya nikaanza kuzisikiliza sauti za ogani moja moja. Miaka tisa sijawahi kufika upande ule wa orodha! Nimepata mbili zenye kina hicho. Nitazijaribu Jumapili.

Lakini niseme ukweli wa moyo wangu. Nilipoanza uzi nilidhani nataka kitabu kwa sababu ya maumivu. Nimegundua ni zaidi ya hapo. Nataka kujua kupiga. Nikimwona mtu anapiga piano vizuri, mkono wake unavyotembea bila haraka, nahisi kuna kitu walifundishwa ambacho mimi nilikisogelea gizani tu. Hilo la futi 16 litaniokoa kwenye misa, lakini hicho kingine bado nakitaka.

Rungwe Mvua

Ndaga fijo kwa uzi huu. Niko Tukuyu. Sisi tuna piano ya ukweli, ile ya kusimama, iliyoachwa kwenye nyumba ya zamani ya wamisionari. Kwa mvua za huku mbao zinavimba, kuna vitufe viwili vikishuka havirudi mpaka kiangazi, na haijapigwa tuni siku nyingi. Lakini nyundo zinafanya kazi na pedali zote zipo.

Dada, hizo sura za pedali ambazo mwalimu anasema hazikufai, mimi ndizo ninazozitafuta. Ukiamua kununua, niko tayari kutoa nusu. Ukae nacho wewe kwanza.

Kinanda Mbalizi: MREJESHO

Wakuu, ni wiki tano zimepita. Niliahidi kurudi.

Hospitali nilienda. Nimeambiwa ni kano zilizochoshwa, nikapewa mazoezi ya kunyoosha mkono na kukatazwa kupiga kwa wiki mbili. Mwenzangu wa kigango akanishikia. Dada wa Njombe, au kaka, samahani sijui, Mungu akubariki.

Futi 16 inafanya kazi. Jumapili ya kwanza niliyorudi nilipiga nota moja mkono wa kushoto, misa yote. Baada ya misa mzee mmoja anayekaa benchi la mwisho alinifuata akaniuliza kama tumenunua spika mpya.

Sasa kitabu. Muuzaji mwanzoni alisita kutuma picha, akasema nitasoma bure niache kununua. Nikamwambia nahitaji kurasa nne tu kati ya 200 na zaidi, akakubali. Mwaka wake ni wa karne hii. Sura ziko 11. Nimezikagua na mwalimu Gangilonga kwa ujumbe, tukaona tano zinanihusu moja kwa moja: kukaa, uzito wa mkono, skeli na gumba, oktava, na namna ya kufanya mazoezi ukiwa na muda mfupi. Mbili ni za pedali. Zilizobaki ni za vipande vikubwa ambavyo bado siko huko.

Kwenye sura ya oktava kuna aya moja kuhusu mikono midogo. Ni fupi, nitaisema kwa maneno yangu. Mkono utanuke pale tu nota zinapopigwa, na mara vitufe vikishaguswa kiganja kirudi kwenye umbo lake la kawaida, hata kama ni kwa robo ya pigo, kabla ya kutanuka tena. Mimi nilikuwa nauacha umetanuka kama mwavuli kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Nilikaa na aya ile siku kumi, dakika kumi kila siku, mkono wa kushoto peke yake, taratibu, fa hadi fa, kisha sol hadi sol. Siku ya kwanza nilikuwa nakosa nota kwa sababu mkono ukishajikunja nilisahau umbali. Siku ya nne au ya tano ukaanza kujua njia. Siku ya kumi nilipiga Utukufu ule wa Pasaka kwa oktava, mara moja, nyumba ya kwaya ikiwa tupu. Nilipomaliza nilikaa nasubiri ile kamba. Haikuja. Nililia kidogo, nisiwafiche.

Kidole cha pete nacho kimezungumziwa, kwenye ukurasa wa pili wa picha. Mwandishi anakataza kukiinua juu na anaeleza sababu ileile ya kano.

Kwa hiyo nimenunua. Tumepatana 80,000. Rungwe Mvua ametoa 40,000 kweli kama alivyosema, na kifurushi kimepakiwa kwenye basi jana usiku, leo jioni nakifuata stendi. Nitakaa nacho miezi mitatu, kisha kinapanda Tukuyu miezi mitatu, halafu tutaona.

Kama kuna mpiga kinanda mwingine wa Mbeya mjini, Uyole, Chimala, anayetaka kukiona kabla hajanunua cha kwake, aniandikie pembeni. Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya, saa kumi na moja, nitakuwa nacho. Uje na rula.